OJ wa Tahidi High hakuwa wetu, na ndiyo maana bado tunampenda

Jaribu hii. Ukiwa mahali penye Wakenya waliozaliwa miaka ya tisini, iwe ni kwa matatu, kwa harusi au hata kwa matanga, taja herufi mbili tu: O na J. Usiongeze neno. Lazima kutakuwa na dada mmoja, saa hii ana watoto wawili na mkopo wa sacco, atashika kifua aseme, "Woi, OJ!" Na mume wake ataangalia dirishani kama mtu aliyesahau kitu nje.

Hilo jaribio nimelifanya mara nyingi hapa Migori na halijawahi kufeli. Na si ati tumekosa wavulana wa kupendwa kwenye TV. Wamekuja wengi baada yake, wenye kamera nzuri, taa nzuri na nguo za bei. Lakini wengi wao ukiwataja, watu wanafikiria kidogo kwanza. OJ hafikiriwi. Anatoka tu.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa alikuwa na sura nzuri, alijua kuvaa, alijua kuongea. Sawa, sikatai. Lakini sura nzuri hata stendi ya Migori ziko, na hakuna anayezikumbuka miaka kumi na tano baadaye. Mimi naona sababu ni ya kihistoria, na ili niieleze lazima nianze na Mzee Ojwang', nipitie Januari 2008, halafu niseme jambo moja kunihusu ambalo sijawahi kuliandika.

Kwanza, kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo. Tahidi High kilikuwa kipindi cha Citizen TV kuhusu wanafunzi wa shule ya upili. Kulikuwa na Freddie, ambaye ni Abel Mutua, yule yule mnayemsikiliza siku hizi akipiga stori YouTube. Kulikuwa na Jobu, yaani Phil Karanja, ambaye baadaye aliingia upande wa kuongoza na kutayarisha vipindi. Tanya alikuwa Sarah Hassan, na huyo wavulana wote wa rika langu walikuwa wameshamwoa kichwani. Omosh alikuwa Joseph Kinuthia. Na OJ alikuwa Dennis Mugo.

Kitu cha maana kuhusu hiyo shule ni kwamba ilikuwa ya mchanganyiko. Wavulana na wasichana darasa moja. Kwa mtu wa Nairobi pengine hiyo si habari, lakini kwetu ilikuwa. Shule zilizotajwa kwa heshima nyumbani zilikuwa za bweni, wavulana huku na wasichana kule. Ukipita mtihani uende Kanga, hapo umeaga wasichana hadi likizo. Halafu Januari 2008 serikali ya Kibaki ikaanza kulipa karo ya masomo ya sekondari, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wakaingia shule za kutwa za karibu, nyingi zikiwa za mchanganyiko. Kwa hivyo wakati OJ anatamba kwenye skrini, maelfu yetu tulikuwa karibu kuingia darasa kama lake bila mtu wa kutuonyesha mtu anaongeaje na msichana akiwa ndani ya sare. Wazazi hawangetuambia. Mwalimu angetuchapa. OJ ndiye aliyetuonyesha, na alikuwa na sweta kama zetu.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ni ya Kenya nzima. Ya pili ni ya huku kwetu, na hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Kabla ya OJ, Mjaluo kwenye TV ya Kenya alikuwa mtu wa kuchekwa. Naomba msinishike vibaya, mimi mwenyewe nimecheka. Vitimbi ya KBC ilitupa Mzee Ojwang', mzee wa makeke, kila siku anapatwa na janga na kila siku Mama Kayai anamkemea. Kiswahili chake kilikuwa cha Kijaluo kabisa. Dholuo haina ile sauti ya "sh", kwa hivyo shamba linakuwa "samba" na shule inakuwa "sule", na Kenya nzima inaanguka chini kwa kicheko. Baadaye Papa Shirandula ikatupa Otoyo, na kicheko kikaendelea pale pale kilipoachwa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi wanalijua lakini hawalitafakari. Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo. Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Otoyo ni Kazungu Matano, na hilo jina unajua linatoka pwani. Kwa miongo kadhaa, Mjaluo maarufu kuliko wote kwenye vichekesho vya Kenya alikuwa Mkikuyu. Na Wanjau alipofariki Julai 2015, watu wa Nyanza walimlilia kama mzee wa boma. Nakumbuka mama mmoja sokoni alikuwa anasikiliza habari kwa redio, akasema tu, "Ojwang' amelala." Hakusema Wanjau. Huyo hakumjua.

Lakini kumpenda mtu unayemcheka ni tofauti na kumpenda mtu unayemtamani. Mtu wa kuchekesha unamkaribisha sebuleni, akimaliza unamfungulia mlango anaenda zake. Mtu wa kutamaniwa unamwazia kama mkwe. Na hapo ndipo OJ alifanya kitu ambacho Ojwang' hangeweza.

Fikiria jinsi lile jina lilivyosikika Suna. Hapa mvulana jina lake huanza na O: Ochieng', Otieno, Odhiambo, Omondi, Owino, Onyango. Ukitaja O na J pamoja, mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa. Hatukungoja TV ituambie kirefu chake. Tulimpa wenyewe: Ojwang'. Na Omosh? Omosh ni Omondi, hilo hata mtoto wa nasari anajua. Kwa hivyo katika shule ya kifahari kwenye TV kulikuwa na vijana wawili wetu! Na huyu mmoja hasemi "samba". Anaongea Sheng safi, "sh" yake imenyooka, na wasichana wanamgeukia si kwa sababu ameanguka matopeni bali kwa sababu wanamtaka. Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye Sheng yenyewe hakuielewa, alikuwa akimwona OJ anasema, "Mano wuodwa." Huyo ni mwana wetu. Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu ambaye mtoto wake ameitwa jukwaani kuchukua zawadi.

Sisi wavulana tulianza mazoezi ya "sh". Nacheka nikikumbuka. Kwenye kipindi kulikuwa na msichana anaitwa Shish, na hilo jina lilikuwa mtihani wa taifa. Ukisema "Sis" umeanguka. Tulikuwa tunajipanga njiani kutoka mtoni tukirudia Shish, Shish, Shish, kama watu wanaofukuza kuku.

Sasa nirudi kwenye lile jambo nililosema sijawahi kuliandika.

Migori si mji wa kabila moja, hata kama wazee bado wanauita Suna kwa jina la watu wake. Uko kwenye barabara ya Isebania na mpaka wa Tanzania, kwa hivyo una Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali wenye maduka, na Wakikuyu wachache wa biashara. Mmoja wao alikuwa na hoteli ya chai na chapati karibu na kwetu. Sisi watoto tulimwita Guka, babu kwa Kikuyu, neno ambalo yeye mwenyewe alitufundisha. Guka alikuwa na TV. Enzi hizo nyumba nyingi mtaani kwetu hazikuwa na stima, na mwenye TV alikuwa anaiendesha kwa betri ya gari. Ukinunua mandazi moja kwa Guka, unakaa hadi habari ziishe. Usiponunua, unakaa pia, lakini nyuma.

Uchaguzi wa Desemba 2007 mnajua ulivyoisha. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kabla Kibaki na Raila hawajatia saini mkataba mbele ya Kofi Annan tarehe 28 Februari 2008. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ninachokumbuka ni moshi, na asubuhi moja hoteli ya Guka iko wazi, milango haipo, meza hazipo, na yeye hayupo. Watu wazima walisema ameenda kwao. Kama ati kwao hapakuwa hapa.

Miezi ikapita. Shule zikafunguliwa, maisha yakarudi. Na katika nyumba moja mtaani kwetu pakatokea TV. Mwenye nyumba alikuwa mtu mkarimu, hakudai mandazi. Jioni watoto tulijaa mlangoni, tukakaa sakafuni, na hapo ndipo nilipotazama OJ kwa mara nyingi zaidi maishani mwangu. Hapo ndipo yule mama alikuwa akisema "Mano wuodwa." Hapo ndipo tulipompa jina.

Ile TV niliijua siku ya kwanza. Ilikuwa na ufa kwenye kona ya chini, upande wa kulia, na spika yake ilikuwa inakwaruza mtu akipandisha sauti. Nilikuwa nimeangalia ule ufa miaka miwili nikiwa nyuma ya watu waliokuwa na pesa ya mandazi. Sikusema kitu. Hakuna mtoto aliyesema. Nadhani wote tuliijua.

Guka alirudi mwisho wa 2009. Alifungua pale pale, meza mbili badala ya sita. Baada ya muda akanunua TV ndogo, na sisi tukaanza kurudi mmoja mmoja, tukiwa wakubwa kidogo na wenye aibu kidogo. Siku moja alikuwa na gazeti lenye kurasa za burudani, na kwenye ukurasa kulikuwa na picha ya OJ. Tukamzunguka. Guka akavaa miwani, akasoma jina polepole: "Dennis Mugo." Akalirudia. "Mugo." Halafu akaangalia zile sura zetu akacheka hadi akakohoa. "Huyu OJ wenu," akasema, "ni wa kwetu."

Hatukucheka. Mmoja wetu alibisha, akasema gazeti limekosea. Mwingine akasema basi tumebaki na Omosh. Guka akageuza ukurasa akitafuta, na kumbe Omosh naye ni Kinuthia. Jamani.

Nilienda nyumbani jioni hiyo nikiwa na hasira ambayo sikuelewa. Kama vile nimeibiwa. Na nilipofika kwenye hilo neno, kuibiwa, nikakumbuka ule ufa.

Wiki iliyofuata, kipindi kikaanza kama kawaida. Mimi nilikuwa nangojea nione kama nitamchukia. Akatokea OJ, sweta limelegea, anaongea vile anaongea. Na sikuweza. Nilijaribu kweli. Lakini nilikuwa nimeshampenda, na moyo si daftari ati utafuta jina kwa kifutio uandike lingine. Yule mama jirani alipoambiwa, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mama yake alimlea vizuri." Akaendelea kumwita wuodwa.

Hiyo ndiyo hoja yangu. OJ amebaki kwa sababu alituingia kabla hatujamuuliza kabila, na tulipomuuliza tulikuwa tumechelewa. Katika nchi ambayo jina lako la mwisho linasomwa kabla ya sura yako, yeye aliingia na herufi mbili ambazo kila mtu aliweza kuzijaza anavyotaka. Sisi tulijaza Ojwang'. Nina uhakika kuna watoto wa kwingine walijaza kitu kingine kabisa.

Najua mtanipinga, na kuna pingamizi moja ambalo lina nguvu. Mtu ataniambia: wewe hukuushinda ukabila, wewe ulimpenda kwa sababu ulidhani ni wako. Angekuja na jina Mugo tangu mwanzo, ungempa nafasi? Jibu la kweli ni hapana. Nikiwa na miaka tisa au kumi, baada ya yale tuliyosikia watu wazima wakisema, nisingempa. Lakini ndiyo maana nasema hii ni historia, si mahubiri. Sidai kwamba tulikuwa watu wazuri. Ninachosema ni kwamba tulidanganyika kwa njia iliyotusaidia. Ojwang' Hatari alitufundisha kwamba mtu wa kabila lingine anaweza kutuiga hadi tukacheka. OJ hakutuiga hata kidogo. Sisi ndio tuliomwiga yeye, "sh" na yote.

Wengine watasema ni kumbukumbu tu za utoto, kila kizazi kina wake. Kweli, lakini angalia ni kumbukumbu gani zinadumu. Mwaka wa 2021 Omosh alipojitokeza kueleza kwamba maisha yamemlemea, Wakenya walimchangia. Wengi wetu hatukuwaza Kinuthia. Tuliwaza Omosh, mwanafunzi mwenzetu wa darasa ambalo hatukuwahi kukaa. Mtu hatoi pesa yake kwa kumbukumbu ya utoto tu. Anatoa kwa mtu wa kwao.

Na kuna sababu moja ya mwisho, ya kiufundi zaidi. OJ alikuwa wa enzi ya TV moja na watu ishirini. Februari 2015, wakati wa kuhama kwenda matangazo ya dijitali, Citizen na stesheni nyingine kubwa zilizimika kwa wiki kadhaa hadi Machi. Waliporudi, nyumba zilihitaji kisanduku, kisha zikaja simu za bei nafuu, kisha bando. Siku hizi kila mtu ana staa wake mfukoni na anamtazama peke yake. Luwi wa kipindi cha Maria alitutikisa kati ya 2019 na 2021, na pale mambo yalikuwa yamegeuka: mwigizaji ndiye mwenye O, Brian Ogana, na mhusika ni Luwi Hausa, jina ambalo huwezi kuliweka kwenye kabila lolote la Kenya. Wasichana wa Suna walimpenda sana. Lakini walimpenda kila mmoja kwake, wakati wa korona, milango imefungwa. OJ tulimpenda kwa sauti, mbele ya mama zetu, magoti yamegusana. Ulipocheka, jirani alikusikia. Ulipomwonea aibu, walikuona.

Mwaka wa 2024, vijana waliposhuka barabarani Juni wakisema hawana kabila, kuna wazee walishangaa hawa watoto wametoka wapi. Sitawadanganya kwamba walitoka Tahidi High. Kuna shule, kuna mitandao, kuna ugumu wa maisha ambao hauangalii jina. Lakini kaka na dada zao wakubwa ni sisi, na sisi tuliwahi kumpigania mvulana wa Kikuyu tukidhani ni Mjaluo, halafu tukashindwa kumwacha. Kitu kama hicho hakimfanyi mtu malaika. Kinamfanya asite kidogo, na mwaka wa uchaguzi kusita kidogo ni kitu kikubwa.

Guka bado yuko. Ni mzee sasa, hoteli inaendeshwa na mtoto wake. Mwaka jana nilienda nikaagiza chai, nikakaa nyuma, mahali pangu pa zamani. Nikamwambia. Nilisema, "Guka, ile TV yako ya kwanza, mimi niliiona ilikokuwa. Niliitazama miaka mingi na sikusema."

Aliendelea kukoroga chai yake. "Najua," akasema. "Nilikuwa napita pale jioni nikienda kulala. Nilikuwa nasikia ile spika."

Nikamuuliza mbona hakudai.

"Mlikuwa watoto ishirini ndani," akasema. "Na mlikuwa mnamshangilia Mugo."